Hongo na Zawadi: Maneno Mawili ya Njiani

Msafiri atokaye Makambako kwenda Mbeya huvuka Mto Mbarali hapo Igawa, zinapoanza nyanda za Usangu. Leo havuki kwa idhini ya mtemi. Katika karne ya 19 mambo yalikuwa mengine. Misafara ya pwani iliyofika Usangu kutafuta pembe za ndovu na watumwa ilikuta nchi yenye mwenyewe, na mwenye nchi haendewi mikono mitupu. Merikani, kaniki, shanga na masango ya shaba vilitangulia maneno. Malipo ya namna hiyo, watu wa pwani waliyaita hongo.

Kaskazini ya Iringa, katika Ugogo, hongo ilisifika zaidi. Burton na Speke waliitoa mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, wote walinung'unika. Lakini haikuwa jambo la kificho. Ilitolewa mchana, mbele ya mashahidi, ikahesabiwa kwa doti za nguo, na pengine ikajadiliwa siku kadhaa. Aliyeitoa alipata njia, maji, na ruhusa ya kununua chakula. Mtemi aliipokea kwa haki ya nchi yake.

Utawala wa Kijerumani ulipoenea katika miaka ya 1890, haki hiyo ikaondoka mikononi mwa watemi. Mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa kwa jina la serikali. Neno hongo likabaki bila baraza lake. Leo kuhonga ni kumnunua mwenye madaraka, au kumrubuni mpenzi kwa mali. Na kilichotolewa hadharani sasa hupitishwa chini ya meza.

Neno zawadi nalo ni la njiani. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya masurufu ya safari: chakula afungashacho msafiri. Kwa Waswahili likawa kile alichorudi nacho kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Basi zawadi ni kile msafiri akipendacho kukileta, na hongo ni kile njia inachomdai.

Mashaka haya si ya Kiswahili peke yake. Neno la Kiingereza gift liliwahi kuwa na maana ya mahari. Kwa Kijerumani, neno hilo hilo ni sumu. Mfaransa Marcel Mauss, aliyeandika juu ya utoaji katika miaka ya 1920, alilitazama sana jambo hilo: kipewacho humfunga aliyekipokea.

Tanzania nayo imepata kulijaribu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, mgombea akaruhusiwa kutoa takrima, neno la heshima na ukarimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu iliamua kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Neno zuri halikutosha kukitakasa kitendo.

Washairi wanazo hidaya, tunu, hiba na tuzo, na kila moja ina uzito wake. Wazitumiapo, na wakumbuke kipimo cha barabara ya kale. Asiyetoa hongo alizuiwa mtoni. Zawadi hujulikana kwa jambo moja: asiyeitoa hafungiwi njia.