Mazizi ya Mawe ya Thimlich Ohinga

Uko mbele ya boma la Kochieng, kubwa kuliko mengine hapa Thimlich Ohinga. Ukuta huu huenda ulianza kujengwa karne ya 16. Hauna saruji wala udongo wa kushikiza: mawe makubwa yamepangwa safu ya nje na ya ndani, na katikati pakajazwa mawe madogo. Mahali pengine unapita mita 4 kwenda juu.

Angalia mlango. Ni mwembamba na mfupi, na juu yake yamelazwa mabamba ya mawe. Anayeingia huinama, naye aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Hapo ndipo akili ya wajenzi inapoonekana wazi zaidi.

Ndani, tafuta kuta fupi za mviringo. Hayo ni mazizi. Mifugo ndiyo iliyokuwa mali ya ukoo: mahari, maziwa, nyama ya sherehe. Mchana ilitolewa malishoni, jioni ikarudishwa ndani ya ukuta uleule uliozilinda nyumba, mbali na fisi, chui na wavamizi. Watu na wanyama walilala ndani ya boma moja.

Maboma ya mawe ya namna hii yametapakaa Migori na Homa Bay, na familia ziliendelea kuyatumia hadi karne ya 20. Thimlich ndiyo iliyohifadhika vizuri zaidi, na mwaka 2018 UNESCO iliiweka kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia.

Tafadhali usipande ukutani. Jiwe moja likitoka, yaliyo juu yake hufuata.