Timbuktu: Mji wa Chumvi na Vitabu

Timbuktu, mji wa kaskazini mwa Mali, haukuzaliwa na dhahabu kama Wazungu walivyodhani kwa karne nyingi. Ulizaliwa na haja ya kupokezana mizigo. Mahali hapo Mto Niger hukaribia jangwa la Sahara kabla ya kupinda kuelekea kusini. Mtumbwi hukomea hapo na ngamia huanzia hapo. Nafaka ilishushwa katika bandari ya Kabara, na mabamba ya chumvi yakaja kutoka Taghaza, na baadaye Taoudenni, zaidi ya kilomita 600 kaskazini.

Tarikh al-Sudan, kitabu cha al-Sadi cha katikati ya karne ya 17, chasema kwamba Watuareg waliweka kambi hapo yapata mwaka 1100, na mizigo yao wakamwachia mtumwa mmoja mwanamke, ambaye jina lake likawa jina la mji. Masimulizi ya namna hii yataka hadhari. Hata Mombasa jina la Mvita huhusishwa na Shehe Mvita. Lakini hata kama si kweli, yana jambo moja la kuzingatiwa: mkazi wa kwanza kutajwa ni mtumwa. Ibn Battuta, aliyepita Taghaza mwaka 1352, aliona kwamba chumvi ilichimbwa na watumwa. Sifa za mji huu husomwa mara chache pamoja na habari hiyo.

Mansa Musa aliporudi kutoka Makka mwaka 1325, msikiti wa Djinguereber ulijengwa. Mji ulistawi zaidi chini ya dola ya Songhai, hasa wakati wa Askia Muhammad (1493-1528). Leo Africanus aliandika kwamba faida ya kuuza vitabu ilishinda ya bidhaa nyingine zote. Karatasi ililetwa kwa misafara, na elimu ilifundishwa misikitini na majumbani mwa wanazuoni.

Mwaka 1591 jeshi la Morocco liliishinda Songhai huko Tondibi. Miaka michache baadaye wanazuoni walikamatwa na kupelekwa Marrakesh, miongoni mwao Ahmad Baba, aliyelalamika kwamba alinyang'anywa vitabu 1,600, ilhali maktaba yake ilikuwa ndogo kuliko za jamaa zake. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1608. Mwaka 1615 alitoa fatwa kwamba weusi wa ngozi si sababu ya kumfanya mtu mtumwa, na Mwislamu huru hatekwi. Hata hivyo hakuukataa utumwa wenyewe, na hapana budi kulisema hilo.

Biashara ilipogeukia pwani ya Atlantiki, mji ulinyong'onyea. René Caillié aliufikia mwaka 1828 akakuta nyumba za udongo. Wafaransa wakautwaa mwaka 1894.

Vitabu vilibaki katika masanduku ya familia, vingi kwa Kiarabu, vingine kwa lugha za Kiafrika zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, kama tenzi za Pate na Lamu. Wapiganaji walipouteka mji mwaka 2012, wenyeji walivitorosha kwa siri hadi Bamako, kwa magari na kwa mitumbwi. Wapiganaji hao walipokimbia mwezi Januari 2013, waliteketeza maelfu ya miswada iliyosalia katika Taasisi ya Ahmad Baba. Iliyookolewa ilianza kurudishwa Timbuktu mwezi Agosti 2025.