Buni Mbili za Tunda Moja: Tarehe ya Udugu wa Walokole na Askofu Kibira

Pwani husema undugu wa nazi hukutania chunguni. Huku Karagwe na Kyerwa minazi haimei, na undugu wa kale ulikutania kwenye buni. Tunda moja la mbuni hubeba buni mbili zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Watu wawili waliotaka kuwa ndugu bila kuzaliwa pamoja walichanjwa karibu na kitovu, kila mmoja akapaka damu yake kwenye buni moja, wakabadilishana, wakameza. Huo ndio omukago. Tangu siku hiyo adui wa mmoja alikuwa adui wa wote wawili, na aliyemsaliti mwenzake aliishi na hofu kwamba buni ile ingevimba tumboni mwake hadi imuue.

Udugu wa pili haukuhitaji kiapo, maana mtu alizaliwa ndani yake. Mnyambo huuita oruganda, Mhaya huuita oluganda, yaani ukoo. Ukoo ulimpa mtu mwiko wake, kibanja chake cha migomba, makaburi ya babu zake yaliyomo katika kibanja hichohicho, na wazee wa kumkemea. Vuka mpaka kaskazini, neno hilo linageuka kidogo. Mganda ukoo wake huuita ekika. Oluganda kwake ni undugu, na ndugu ni ab'oluganda. Tofauti hiyo ya neno moja ni ndogo, lakini historia ya udugu wa tatu imepita katikati yake.

Udugu wa tatu ni wa walokole, Wakristo wa uamsho. Ulizaliwa ng'ambo ya mto Kagera, ukaingia nchi hizi bila jeshi na bila amri ya serikali, na ukapata mwanachuoni wake katika Josiah Mutabuzi Kibira, aliyekuwa mlokole kabla hajawa askofu.

Tuanze na njaa. Mwaka 1928 na 1929 mashariki ya Rwanda ilipigwa na njaa ambayo Wanyarwanda huikumbuka kwa jina la Rwakayihura. Gahini, kwenye ziwa Muhazi, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana chini ya daktari Mwingereza kijana, Joe Church. Watu walifika hapo wakiwa mifupa mitupu, wengine wakafia njiani. Mwezi Septemba 1929 Church, amechoka mwili na roho, alikwenda Kampala kupumzika. Huko Namirembe akakutana na Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi. Wawili hao wakakaa siku kadhaa na Biblia, wakisoma na kuomba pamoja. Mzungu na Mwafrika kukaa hivyo, bila mmoja kuwa bwana na mwingine mtumishi, lilikuwa jambo geni katika Uganda ya wakati ule. Wengi wanaoisimulia habari hii huanzia hapo.

Nsibambi alikuwa na mdogo wake, Blasio Kigozi, aliyekwenda Gahini kufundisha. Hospitalini hapo palikuwa pia na Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, msaidizi mkuu wa daktari. Hospitali ilikuwa imejaa ugomvi na uvivu. Kinuka akaenda Kampala kumwona Nsibambi, akamlalamikia habari za hospitali. Nsibambi akamwambia kwamba ugonjwa wa hospitali ile umo moyoni mwake yeye Kinuka. Maneno hayo yalimchoma. Akarudi Gahini mtu mwingine, akaanza kuungama mbele ya watu aliokuwa akigombana nao.

Mwishoni mwa Desemba 1933, katika mkutano hapo Gahini, maombi yaligeuka kuwa maungamo. Mmoja alisimama, kisha mwingine, na saa zikapita. Wanyarwanda wakawapa watu hawa jina la Abaka, wale wanaowaka. Waganda wakawaita balokole, waliookoka. Kigozi hakuishi kuyaona matunda: alifariki Kampala Januari 1936 kwa homa ya kupe, akiwa amejiandaa kusema mbele ya sinodi ya kanisa lake. Neno alilotaka kuwapa likabaki: Zukuka, amka.

Sasa tazama ramani. Njia ya kutoka Mbarara kwenda Gahini hupita Kagitumba, pale Uganda, Rwanda na Tanzania zinapogusana, na upande wetu wa mto ni Kyerwa. Kagera hapo ni mpaka wa dola, lakini haujawahi kuwa ukuta kati ya watu. Watu wa Karagwe walikuwa na jamaa ng'ambo, lugha zao zinasikilizana, na vijana walikuwa wakienda Buganda kutafuta kazi. Nchi hii haikuwa ngeni kwa wageni pia. Novemba 1861 mkama Rumanika, mfalme wa Karagwe, aliwapokea hapa wasafiri Speke na Grant, na Grant, mguu wake ukiwa na donda, aliachwa akakaa miezi kadhaa. Lakini walokole hawakubisha hodi kwa mkama. Walibisha kwa jirani.

Injili yenyewe ilikuwa imepanda kutoka upande mwingine, wa ziwa Viktoria. Wamisionari wa Bethel kutoka Ujerumani walianza kazi Bukoba mwaka 1910, wakawakuta wasomaji wenyeji waliokwisha kujifunza Buganda. Vita ya Pili ya Dunia ilipozuka Wajerumani wakawekwa kizuizini, na Waswidi wakaja kusaidia kanisa lililobaki na wachungaji wachache wenyeji. Wakati huohuo moto wa Gahini ulikuwa umefika chuo cha ualimu cha Katoke, kusini mwa Bukoba, na kutoka huko ukatambaa kwa walimu na wainjilisti. Kwa hiyo Walutheri wa Kagera walipata uamsho wao kwa Waanglikana wa Rwanda na Uganda. Udugu huu haukuuliza cheti cha ubatizo kimetoka dhehebu gani.

Uliuliza mambo mengine. Uliuliza kama umerudisha jembe uliloiba. Uliuliza kama bado unapika rubisi, pombe ya ndizi. Uliuliza kama umeiacha nyumba ndogo. Walokole walikutana kila juma, wakakaa duara, wakaimba wimbo wa Tukutendereza kwa Kiganda hata kama hawakijui Kiganda, na kila mmoja akayaweka mambo yake nuruni. Mwanamke alisimama akasema mbele ya wanaume. Mhima mfugaji alikumbatiwa na Mwiru mkulima. Katika nchi ambapo mnyonge alipiga magoti mbele ya mkubwa na kusema "Kasinge waitu", kumbatio la walokole lilikuwa habari nzito kuliko mahubiri.

Lakini tarehe isiyosema machungu ni sifa tupu. Kuungama hadharani kulikuwa kisu chenye makali kuwili. Toba ya mmoja ilimvua nguo mwingine, maana aziniye hazini peke yake. Ndoa zilitikiswa kwa ungamo ambalo mwenye nyumba alilisikia pamoja na kijiji kizima. Na mlokole aliyekataa rubisi hakukataa kinywaji tu. Rubisi ndiyo iliyokaa katikati pale wazee walipopatanisha, walipoposa na walipogawa urithi wa kibanja. Kuikataa mbele ya wazee ni kusimama mlangoni mwa ukoo na kutoka nje.

Kanisani nako palikuwa moto. Walokole waliwaambia wachungaji wao kwamba hawajaokoka. Mwaka 1941 chuo cha wachungaji cha Mukono, Uganda, kiliwafukuza wanafunzi 26 wa uamsho, William Nagenda akiwa kiongozi wao. Udugu na kanisa vilionekana haviwezi kulala nyumba moja.

Josiah Kibira alizaliwa tarehe 28 Agosti 1925 Kashenye, Kanyigo, pwani ya ziwa Viktoria. Uamsho ulimkuta akiwa kijana anayeelekea ualimu, akaokoka, akaingia udugu. Hakutoka humo tena. Alisoma theolojia Bethel, Ujerumani, akawekwa mikono kuwa mchungaji mwaka 1960, kisha akasoma Boston, Marekani. Mwaka 1964 akawa askofu, akichukua kiti kutoka kwa Bengt Sundkler, Mswidi aliyekuwa mwanachuoni mkubwa wa makanisa ya Kiafrika na aliyeiongoza Bukoba tangu 1961. Dayosisi aliyokabidhiwa Kibira, ya Kaskazini Magharibi, ilifika hadi Karagwe, na Kyerwa ya leo ilikuwa ndani yake.

Mukono walokole walifukuzwa. Bukoba mlokole alivaa kofia ya askofu. Hilo halikumaliza ugomvi, bali liliuhamishia ndani ya mtu mmoja. Kama ndugu, Kibira alipaswa kukaa duara na kukemewa kama mwingine yeyote. Kama askofu, alipaswa kuwakemea ndugu walipojiona wao ndio kanisa lote. Na kama mwana wa ukoo, alikuwa na wazee nyumbani.

Alichofanya na mgongano huo ni kuuandikia kitabu. Kilichapwa Lund, Uswidi, mwaka 1974, na jina lake la Kiingereza, *Church, Clan, and the World*, limeyaweka mambo matatu mkekani: kanisa, ukoo na dunia. Wanatheolojia wengi wa wakati ule walipoandika juu ya Afrika walitafuta miungu, mizimu na ngoma. Kibira aliutazama ukoo, nyumba ambamo mtu wa Kagera huzaliwa, huoa, hurithi na kuzikwa. Mtu huyu anapobatizwa, ni nani anabatizwa? Ni yeye peke yake, au na wale wote walio nyuma yake?

Nikiitazama tarehe hii kwa macho aliyotuachia, naona jambo ambalo walokole wenyewe hawakupenda kulikiri. Walidhani wameuacha ukoo. Kumbe walikuwa wameuhama na mizigo yao yote. Duara lao la kila juma ni kikao cha wazee bila rubisi. Mwiko wao mpya, usinywe, usivute, umechukua nafasi ya mwiko wa zamani. Haki yao ya kumkemea mtu juu ya mambo ya nyumbani kwake ni haki ileile ya mkubwa wa ukoo. Mgeni aliyetoka Ankole au Gahini alipokewa, akalishwa, akalazwa bila kuulizwa siku ya kuondoka, kama anavyopokewa mwana aliyerudi kutoka mbali. Na neno lao ab'oluganda, ndugu, masikioni mwa Mhaya lilisikika kama "watu wa ukoo". Udugu huu ulishika Kagera kwa sababu ulijua kujenga nyumba ambayo watu wa hapa walikwisha kujua kuishi ndani yake.

Miaka ya Kibira ilikuwa na mshindani mwingine wa neno hilo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, ndugu lilikuwa cheo cha kila mwanachama wa TANU, na Ujamaa ulitaka taifa zima liwe jamaa moja. Mtu wa Karagwe siku moja aliweza kuitwa ndugu mara tatu: asubuhi na wazee wa ukoo msibani, mchana na mwenyekiti wa kijiji mkutanoni, jioni na walokole. Kila mmoja alimaanisha deni tofauti.

Juni 1977 Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifanya mkutano wake mkuu Dar es Salaam, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Neno kuu lilikuwa jumuiya mpya ndani ya Kristo. Wajumbe wakamchagua Kibira kuwa rais, Mwafrika wa kwanza kushika kiti hicho. Mkutano huohuo ulitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini unagusa imani yenyewe, si siasa tu. Mwaka 1984, Kibira alipomaliza kipindi chake huko Budapest, makanisa mawili ya wazungu wa kusini mwa Afrika yalisimamishwa uanachama. Aliyelelewa katika duara la walokole hawezi kushangaa: ndugu asiyetaka kuja nuruni huambiwa akae kando kwanza.

Nyumbani, 1979 ulikuwa mwaka wa majina mapya. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia mkoani mwishoni mwa 1978 na kufukuzwa. Kampala ikaanguka Aprili 1979. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina kuwa Kagera, jina la mto uleule. Na Karagwe ikapata dayosisi yake yenyewe ya Kilutheri. Kyerwa ikamegwa kutoka Karagwe kuwa wilaya mwaka 2012. Mtoto wa oruganda akikua hujengewa nyumba yake, na hakuna anayesema ukoo umevunjika.

Kibira alifariki mwaka 1988. Hakuuona mwaka 1994, mto Kagera uliposhusha maiti za mauaji ya kimbari kutoka Rwanda, zikapita kingo za Karagwe na Kyerwa hadi ziwa Viktoria, na wakimbizi wakajaa katika kambi za Karagwe. Walitoka nchi ambako walokole waliwaka kwanza. Wapo waliookoka huko waliokataa kuua wakafa pamoja na wenzao, na wapo walioimba Tukutendereza Jumapili na kushika panga siku iliyofuata.

Hapo ndipo swali la Kibira linaporudi likiwa zito zaidi. Omukago ulikuwa na mlinzi tumboni: ile buni iliyosubiri kuvimba. Ukoo ulikuwa na mlinzi kaburini. Udugu wa walokole haukuacha chochote tumboni mwa mtu. Mlinzi wake ni duara la kila juma, na macho ya ndugu anayeuliza, mbele ya wote, juma hili umetembeaje. Duara hilo likianza kuuliza habari za rubisi tu na kunyamazia habari za jirani anayechukiwa, mlinzi amelala. Neno alilokuwa nalo Kigozi kwa ajili ya sinodi, Zukuka, lilikuwa la watu waliokwisha kubatizwa.