Kumfukuza Kocha si Kurudisha Enzi

Jumamosi ya tarehe 29 Novemba 2003, katika mji wa Lincoln, makao makuu ya jimbo la Nebraska huko Marekani, kocha mmoja alifukuzwa kazi. Habari ya kocha kufukuzwa si ngeni kwetu. Kila anayepita vijiweni siku ya pili baada ya mechi anajua jinsi mtu aliyebebwa juu juu mwezi uliopita anavyoweza kuambiwa afungashe virago. Lakini habari hii ya Lincoln ina la ziada. Kocha huyo, Frank Solich, alikuwa ameshinda mechi siku moja tu kabla ya kufukuzwa, tena ugenini. Msimu huo timu yake ilikuwa imeshinda mara 9 na kufungwa mara 3. Kwa misimu 6 alikuwa ameshinda mechi 58 na kushindwa 19. Kwingineko mtu mwenye hesabu kama hiyo angevishwa shada la maua. Yeye alionyeshwa mlango.

Leo nataka tuitazame historia ya ubishi huo, maana ndani yake limo funzo linalozidi michezo.

Kwanza niseme kidogo kuhusu mchezo wenyewe. Futiboli ya Kimarekani si kandanda yetu. Mpira wake umechongoka ncha mbili, hubebwa mikononi au kurushwa, na mguu hutumika mara chache tu. Wachezaji 11 kwa 11 huvaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. La kumshangaza mgeni ni kwamba timu za vyuo vikuu, zenye vijana wanafunzi, hupendwa huko kama sisi tunavyozipenda klabu zetu kubwa. Kocha wa timu ya chuo hulipwa kuliko profesa yeyote wa chuo hicho, na mara nyingi kuliko gavana wa jimbo.

Sasa, Nebraska ni jimbo la wakulima wa mahindi na wafugaji wa ng'ombe. Wakazi wake ni takriban milioni 2 tu. Halina timu hata moja katika ligi kuu za kulipwa za nchi hiyo. Lina timu ya chuo kikuu chake, iitwayo Cornhuskers, jina litokanalo na kazi ya kuambua maganda ya mahindi. Uwanja wao huchukua watu wapatao 85,000, na tangu Novemba 1962 chuo hicho kimekuwa kikihesabu kila mechi ya nyumbani kuwa tiketi zake zimekwisha. Siku ya mechi watu husafiri masafa marefu kutoka mashambani, wote wamevaa nyekundu. Kwa hiyo wananebraska wanapobishana juu ya kocha, wanabishana juu ya heshima ya kwao. Bila timu hiyo, nani kule New York au California angewakumbuka?

Ubishi huo haukuanza na Solich. Kati ya mwaka 1957 na 1961 timu hiyo ilikuwa mikononi mwa Bill Jennings. Katika misimu 5 alishinda mechi 15, akafungwa 34, na moja ikawa sare. Aliondolewa, na hakuna aliyeona ajabu. Mahali pake akaja Bob Devaney, ambaye katika msimu wake wa kwanza, 1962, alishinda mechi 9 na kufungwa 2. Hapo ndipo enzi ya Nebraska ilipoanza. Nalitaja jambo hili mapema ili nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kocha asifukuzwe kamwe. Yupo anayestahili kuondoka, na kuondoka kwake kukawa baraka.

Lakini tumtazame Devaney huyo huyo. Mwaka 1967 alishinda mechi 6 na kufungwa 4. Mwaka 1968 ikawa vile vile, 6 kwa 4, na mechi ya mwisho wa msimu alifungwa na mahasimu wao wakubwa, Oklahoma, kwa 47-0. Msikilizaji, si vigumu kukisia yaliyosemwa. Zilisikika sauti za kutaka aondoke, za kwamba maarifa yake yamekwisha. Chuo hakikuzifuata sauti hizo. Devaney akamkabidhi msaidizi wake kijana, Tom Osborne, kazi ya kuunda upya mfumo wa mashambulizi. Mwaka 1970 Nebraska wakawa mabingwa wa taifa, na mwaka 1971 wakarudia. Lau wangesikilizwa wenye kelele za mwaka 1968, mataji hayo mawili huenda yasingekuwapo.

Osborne naye alirithi timu mwaka 1973, na naye hakunusurika. Kwa miaka 5 mfululizo, kuanzia mwaka huo, alifungwa na Oklahoma. Alishinda karibu mechi nyingine zote, lakini ile moja iliyohesabika mioyoni mwa watu alikuwa haishindi. Alipoishinda mwaka 1978, chuo cha jimbo jirani la Colorado kilijaribu kumchukua, naye akakaribia kukubali. Alibaki. Tarehe 2 Januari 1984 akawa dakika ya mwisho mbele ya Miami, nyuma kwa pointi moja. Wakati ule mechi iliweza kumalizika kwa sare, na sare ingetosha kabisa kumpa matumaini ya taji. Yeye akaamua kutafuta pointi mbili ili ashinde waziwazi. Pasi ikaguswa na mlinzi, ikaanguka, akafungwa 31-30. Taji lake la kwanza la taifa alilipata mwaka 1994, katika msimu wake wa 22. Akaongeza la mwaka 1995, na la mwaka 1997 akagawana na Michigan. Kisha akastaafu, akiwa ameshinda mechi 255 katika misimu 25, bila msimu hata mmoja wa ushindi pungufu ya mechi 9. Watu wa jimbo lake wakampeleka Bungeni Washington. Leo hakuna mtu Nebraska atakayekwambia kwamba aliwahi kumtilia shaka. Ndivyo yalivyo mafanikio, huwasahaulisha watu maneno yao wenyewe.

Solich ndiye aliyeachiwa viatu hivyo. Alikuwa mtoto wa nyumbani. Alicheza chini ya Devaney, akawa msaidizi wa Osborne kwa misimu 19, na Osborne mwenyewe ndiye aliyemtaka amrithi. Mwaka 1999 alishinda mechi 12 na kufungwa 1. Msimu wa 2001 aliifikisha timu kwenye mechi ya ubingwa. Ila kabla ya mechi hiyo alikuwa amefungwa na Colorado kwa 62-36, na kwenye ubingwa wenyewe Miami wakamfunga 37-14. Msimu wa 2002 alishinda 7 na kufungwa 7. Hapo mashabiki wakagawanyika makundi mawili.

Kundi moja lilisema timu imezeeka, mfumo wake wa kukimbia na mpira ni wa zamani, na vijana wenye vipaji hawaji tena. Kundi la pili lilisema kocha wa mechi 9 kwa 3 si wa kufukuzwa, na kwamba anahukumiwa kwa kosa la kutokuwa Osborne. Lazima tukiri kwamba kundi la kwanza nalo lilikuwa na hoja. Katika vipigo vitatu vya mwaka 2003, kimoja kilikuwa cha 38-9, tena nyumbani, mbele ya Kansas State. Mkurugenzi wa michezo, Steve Pederson, akaamua kwamba hatakubali timu hiyo iwe ya kawaida. Solich akaondoka.

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Msala uliopita pale Lincoln ni Bill Callahan, kocha aliyetoka ligi ya kulipwa, ambaye Januari 2003 alikuwa ameifikisha timu ya Oakland kwenye fainali kuu ya nchi. Wengi walimpokea kwa furaha, maana kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 2004 alishinda mechi 5 na kufungwa 6, msimu wa kwanza wa hasara tangu ule wa Jennings wa 1961. Texas Tech walimfunga 70-10. Mwaka 2007 Kansas, timu ambayo Nebraska walizoea kuichezea watakavyo, iliwafunga 76-39. Mwaka huo Pederson akafukuzwa, na baadaye Callahan. Aliyeitwa kuokoa jahazi ni mzee Osborne, safari hii kama mkurugenzi wa michezo.

Akaja Bo Pelini. Kwa miaka 7 hakuwahi kushinda mechi pungufu ya 9 kwa msimu. Novemba 2014 naye akafukuzwa. Hoja ilikuwa ile ile, kwamba mechi 9 hazitoshi. Aliyemfuata, Mike Riley, alishinda 19 na kufungwa 19 katika misimu 3. Kisha akaletwa Scott Frost, kijana wa nyumbani, aliyeongoza mashambulizi ya timu ile ya ubingwa ya 1997. Watu walisema mtoto amerudi na enzi itarudi. Frost alishinda mechi 16 na kufungwa 31. Mwaka 2021 alifungwa mara 9, na kila mara kwa tofauti isiyofika pointi 10. Septemba 2022 alifukuzwa kwa fidia ya dola milioni 15, wakati kama chuo kingesubiri majuma matatu tu, fidia hiyo ingepungua hadi nusu yake. Subira ilikuwa imekwisha kabisa, hata ile ya siku 20.

Hesabuni wenyewe. Walifukuzwa makocha wawili kwa sababu mechi 9 hazikutosha. Katika misimu 6 iliyofuata kati ya 2017 na 2022, timu hiyo haikushinda zaidi ya mechi 5 kwa msimu hata mara moja.

Je, kosa lilikuwa la nani? Nionavyo mimi, mashabiki walikuwa wakimgombania mtu, wakati yaliyobadilika yalikuwa makubwa kuliko mtu.

La kwanza ni idadi ya wachezaji wanaolipiwa masomo. Zamani chuo kikubwa kiliweza kujilimbikizia vijana. Mwaka 1973 kikawekwa kikomo cha wachezaji 105, mwaka 1978 kikashuka hadi 95, na kufikia 1994 kikawa 85. Kijana ambaye zamani angekaa benchi Nebraska akaenda kuwa nyota kwingine.

La pili ni televisheni. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani ilivunja udhibiti uliokuwapo juu ya matangazo ya mechi za vyuo, na mechi zikaanza kuonekana kila mahali. Kijana wa Texas au California hakuhitaji tena kwenda kwenye baridi ya Nebraska ili aonekane.

La tatu ni maarifa. Mwaka 1969 Nebraska walimwajiri Boyd Epley awafunze wachezaji kunyanyua vyuma, jambo ambalo vyuo vingine havikulijali. Kwa miaka mingi vijana wao walikuwa na nguvu kuliko wenzao. Lakini siri ya mafanikio haikai, na siku hizi kila chuo kina chumba cha vyuma.

La nne ni ligi. Mwaka 1996 ligi yao ilipanuliwa, na ile mechi ya kila mwaka na Oklahoma ikafa. Mwaka 2011 wakahamia ligi nyingine kabisa, mbali na Texas walikozoea kutafuta vijana.

Hakuna hata moja kati ya hayo manne lililoletwa na Solich, wala Pelini, wala Frost. Lakini mabadiliko ya sheria za nchi nzima hayafukuziki. Kocha anafukuzika. Ana jina, ana sura, anasimama pembeni mwa uwanja kila Jumamosi mbele ya macho ya watu 85,000. Mkulima akivuna haba mwaka wa ukame, ni rahisi kulilaumu jembe kuliko kulilaumu wingu.

Basi shabiki afanye nini? Anyamaze? La hasha. Timu ni yake, na kelele zake ni sehemu ya mapenzi yake. Ila kabla ya kupiga kelele hizo ajiulize swali moja: je, ninataka aondoke kwa sababu ya alilolifanya, au kwa sababu ya kumbukumbu niliyo nayo? Jennings aliondolewa kwa alilolifanya, na Frost vile vile. Solich aliondolewa kwa ajili ya kumbukumbu. Na kumbukumbu, wasikilizaji, haijawahi kufungwa hata mechi moja. Hakuna kocha anayeweza kuishinda.

Baada ya Lincoln, Solich hakukaa chini kulia. Desemba 2004 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Ohio, mahali padogo pasipo na makelele, akafundisha hadi alipostaafu mwaka 2021. Huko alishinda mechi 115 na kuwa kocha mwenye ushindi mwingi kuliko wote katika historia ya ligi ile. Kwa karibu miaka 20 hakurejea kwenye uwanja wa Lincoln. Aprili 2024 chuo kilimwalika arudi, apewe heshima yake mbele ya watu. Kocha wa wakati huo, Matt Rhule, aliyeshika timu baada ya Frost, alikuwa bado anatafuta msimu wake wa kwanza wa ushindi pale. Aliupata mwaka huo huo wa 2024: mechi 7 kwa 6, na Nebraska wakashangilia.

Mechi 7! Na yule mzee aliyeitwa kupewa heshima alifukuzwa akiwa ameshinda 9.