Chumvi Iliyovutwa kwa Pampu

Ndugu mkulima, hiyo chumvi unayotia mbogani na ile unayowapa ng'ombe walambe, je, hutoka baharini tu? La, hasha. Kule Uvinza, mkoani Kigoma, chemchemi huleta juu maji ya chumvi, na watu wameyachemsha kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Huko Uingereza, jimboni Cheshire, chumvi imelala chini ya ardhi kama mwamba. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1670, karibu na mji wa Northwich, na watu waliokuwa wakitafuta makaa ya mawe. Katika karne ya 19 wenye viwanda wakashika njia nyepesi. Mtu wa kushuka na sururu wa nini? Weka pampu, vuta maji ya chumvi yaliyo juu ya mwamba, chemsha, uza. Maji matamu hushuka kujaza nafasi, nayo huyeyusha chumvi nyingine. Basi, pampu haikosi maji.

Lakini chumvi ikishatoka, chini hubaki nini? Uwazi! Nyumba za Northwich zikapinda, barabara zikapasuka, malisho yakageuka maziwa. Tarehe 6 Desemba 1880 ardhi ilididimia vibaya, maji ya kijito yakaporomoka mashimoni.

Nani alipe? Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Pampu iko huku, ardhi inazama mbali kule. Mwenye mali alitakiwa athibitishe ni pampu ya nani iliyomdhuru. Nazo ni nyingi, angethibitishaje? Mwaka 1891 ikatungwa sheria: wavutaji wa eneo moja waweze kutozwa wote kwa pamoja, wadhuriwa walipwe fidia.

Baadaye ikaja njia ya uangalifu. Shimo jembamba hutobolewa hadi ndani ya mwamba, maji hushushwa kwa bomba, ya chumvi hupandishwa. Pango hupimwa, na kati ya pango na pango huachwa nguzo nene ya chumvi. Ule uvutaji wa ovyo ulikoma Cheshire mwaka 2006.

Basi, ndugu yangu, akija mtu kutaka kutoa mali chini ya shamba lako, usimuulize bei tu. Muulize kutabaki nini huko chini, na ardhi ikizama atalipa nani. Jibu liandikwe kabla pampu haijawashwa.