Kisukari si maradhi ya namna moja, utafiti waonyesha

KWA miaka mingi ugonjwa wa kisukari umechukuliwa na wengi kuwa adha ya watu wanene na wenye kipato kizuri. Utafiti wa kitabibu wa miongo ya karibuni, ukiwemo ule uliofanyiwa katika bara la Afrika, umeonyesha kwamba mambo hayako hivyo. Kisukari ni jina moja linalobeba maradhi kadhaa. Mgonjwa anayetibiwa kabla ya kujulikana yuko katika kundi lipi anaweza kupewa dawa isiyomfaa, au kunyimwa ile ambayo bila yake hawezi kuishi.

Kwa mujibu wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari (IDF), watu wazima wapatao milioni 589 walikuwa na ugonjwa huu duniani mwaka 2024. Hiyo ni sawa na mtu mmoja katika kila tisa wenye umri wa miaka 20 hadi 79. Katika kanda ya Afrika idadi ilikadiriwa kuwa milioni 24.6, na zaidi ya saba katika kila kumi hawakujua kwamba wanaugua. Nchini Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu maradhi yasiyoambukiza ulibaini kuwa karibu asilimia 88 ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa sukari.

Kazi ya insulini

Sukari inayotokana na chakula husafirishwa na damu hadi kila pembe ya mwili. Ili iingie ndani ya seli na kutumika kama nguvu, inahitaji insulini, ambayo ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Homoni hii inapokosekana, inapopungua au mwili unaposhindwa kuiitikia, sukari hurundikana katika damu na nyingine hutoka kupitia mkojo. Hapo ndipo mgonjwa huona kiu isiyokatika, haja ndogo ya mara kwa mara, uchovu na kukonda.

Insulini haifanyi kazi peke yake. Tezi zilizo juu ya figo zinapotoa homoni ya kortisoli kupita kiasi, sukari hupanda kwa kuwa homoni hiyo hupinga kazi ya insulini. Hali ni hiyo hiyo pale tezi ndogo iliyo chini ya ubongo inapotoa homoni ya ukuaji kwa wingi kwa mtu mzima. Dawa za jamii ya steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu nazo huweza kuleta matokeo kama hayo. Kwa wagonjwa hawa, kushusha sukari bila kutibu chanzo ni kupogoa tawi na kuuacha mzizi.

Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyekosa insulini hakuwa na tumaini. Tarehe 11 Januari mwaka huo, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa dawa iliyotolewa katika kongosho la mnyama mjini Toronto, Kanada. Sindano hiyo haikumfaa sana. Ile ya tarehe 23 Januari, iliyotengenezwa baada ya James Collip kuisafisha dawa zaidi, ilishusha sukari na kumrejeshea nguvu. Kazi hiyo ilikuwa imeanzishwa mwaka 1921 na Frederick Banting na Charles Best katika maabara ya John Macleod. Banting na Macleod walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1923.

Haikuchukua muda madaktari wakatambua kwamba insulini haiwafai wote kwa kiwango kimoja. Mwaka 1936, tabibu Mwingereza Harold Himsworth alieleza kuwa wako wagonjwa ambao miili yao huiitikia insulini upesi na wengine ambao huikataa. Mgawanyo huo ndio uliokuja kuitwa aina ya kwanza na aina ya pili ya kisukari.

Katika aina ya kwanza, mfumo wa kinga wa mwili huzishambulia na kuziangamiza seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, mwili hauiitikii insulini ipasavyo na kongosho huchoka hatua kwa hatua.

Matokeo mapya kutoka Afrika

Mgawanyo huo wa makundi mawili ulitokana zaidi na wagonjwa wa Ulaya na Marekani Kaskazini. Mnamo Julai 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti uitwao YODA, uliowachunguza watu 894 nchini Kamerun, Uganda na Afrika Kusini. Wote walikuwa wameugua kisukari wakiwa na umri mdogo na walikuwa wakihesabiwa kuwa wa aina ya kwanza. Watafiti walitafuta katika damu zao kingamwili ambazo huwa ushahidi kwamba kongosho limeshambuliwa na kinga ya mwili.

Takriban asilimia 65 hawakuwa nazo. Hata hivyo, wengi wa hao hawakufanana na wagonjwa wa aina ya pili, kwa kuwa kongosho zao zilikuwa na upungufu wa insulini. Hii ina maana kwamba wako vijana wengi barani ambao insulini yao imepungua kwa sababu nyingine, ambayo bado inachunguzwa.

Jambo hili si geni kabisa. Mwaka 1955 daktari Philip Hugh-Jones aliwaeleza wagonjwa wa Jamaika ambao hawakuingia katika kundi lolote kati ya yale mawili. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani (WHO) liliorodhesha kisukari kinachohusiana na utapiamlo kuwa kundi la pekee, kisha likaliondoa kundi hilo mwaka 1999. Mwaka 2022, watafiti wa India na Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanyiwa mjini Vellore, India, yakionyesha kwamba wagonjwa wembamba wa namna hii wana upungufu mkubwa wa insulini ilhali miili yao huiitikia vyema. Aprili 2025, katika kongamano lililofanyika Bangkok, IDF iliitambua hali hiyo kwa jina la aina ya tano ya kisukari.

Tofauti hizi zina uzito katika matibabu. Mtoto wa aina ya kwanza akikosa insulini, mwili huanza kuyeyusha mafuta ili kupata nguvu, asidi hujaa katika damu na anaweza kufariki katika muda wa siku chache. Kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi ni dalili zinazoweza kudhaniwa kuwa za malaria au homa ya mapafu. Tone moja la damu likipimwa sukari linaweza kuondoa shaka hiyo. Kwa upande mwingine, kijana mwembamba mwenye lishe duni ambaye mwili wake huiitikia insulini vyema anaweza kuzimia akipewa dozi kubwa kupita mahitaji yake.

Kipimo kinachoweza kupotosha

Kipimo kinachotumika sana kufuatilia ugonjwa huu ni HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari katika kipindi cha miezi miwili hadi mitatu. Hufanya hivyo kwa kupima kiasi cha sukari iliyojishikiza katika hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni. Kwa watu wengi, asilimia 6.5 au zaidi huhesabiwa kuwa kisukari.

Tatizo ni kwamba kipimo hiki hutegemea hali ya chembe nyekundu za damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, ambao uliwahusisha Wamarekani weusi 4,620, ulibaini kuwa waliorithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja walipata HbA1c iliyo chini kwa takriban asilimia 0.3 kuliko wenzao wenye kiwango kile kile cha sukari. Mtu wa namna hiyo anaweza kuambiwa hana ugonjwa hali anao. Upungufu wa damu nao huweza kuyumbisha kipimo hiki.

Katika maeneo ya Ziwa Viktoria, magharibi mwa Kenya na Pwani, ambako jeni ya selimundu imeenea kutokana na historia ndefu ya malaria, jambo hili halipaswi kupuuzwa. Pale HbA1c inapopingana na dalili za mgonjwa, kupima sukari yenyewe katika damu kabla ya kula huwa ni njia ya kuhakikisha.

Majaribio yaliyobadili matibabu

Hadi miaka ya themanini, wataalamu walibishana kama kudhibiti sukari kwa ukaribu kunazuia madhara ya baadaye. Jibu lilitolewa mwaka 1993 na utafiti wa DCCT, uliowafuatilia wagonjwa 1,441 wa aina ya kwanza nchini Marekani na Kanada. Kwa wale ambao macho yao hayakuwa na dosari mwanzoni, udhibiti wa karibu ulipunguza uwezekano wa kupata madhara ya macho kwa asilimia 76. Lakini ulikuwa na gharama yake, kwani matukio ya sukari kushuka kupita kiasi yaliongezeka takriban mara tatu.

Mwaka 1998 yalifuata matokeo ya UKPDS kutoka Uingereza kuhusu aina ya pili. Udhibiti wa sukari ulipunguza madhara ya mishipa midogo ya damu kwa asilimia 25, na kwa waliokuwa na shinikizo la damu, kulidhibiti kulipunguza kiharusi kwa asilimia 44. Dawa ya metformini ilipunguza vifo kwa wagonjwa wanene.

Hata hivyo, si kweli kwamba sukari ikishushwa zaidi ndivyo afya inavyozidi kuwa bora. Utafiti wa ACCORD, uliowahusisha wagonjwa 10,251 wa aina ya pili waliokuwa katika hatari kubwa ya maradhi ya moyo, ulijaribu kushusha HbA1c hadi chini ya asilimia 6. Februari 2008 sehemu hiyo ya utafiti ilisitishwa baada ya kubainika kuwa waliofariki walikuwa 257, ikilinganishwa na 203 katika kundi lililotibiwa kwa kiwango cha kawaida. Tangu hapo, lengo la sukari limekuwa likipangwa kwa kuzingatia umri na hali ya kila mgonjwa.

Baadaye zilikuja dawa zinazolinda moyo na figo. Kundi la SGLT2 huzifanya figo zitoe sukari kwa mkojo. Mwaka 2015, utafiti uliofanyiwa wagonjwa 7,020 ulionyesha kuwa mojawapo ya dawa hizo, empagliflozini, ilipunguza vifo vya maradhi ya moyo kwa asilimia 38. Kundi la GLP-1 huiga homoni ya utumbo inayochochea insulini na kupunguza hamu ya kula. Mwaka 2024, utafiti wa FLOW ulithibitisha kwamba semaglutaidi, dawa ya kundi hilo, ilipunguza madhara makubwa ya figo na vifo vinavyohusiana na figo na moyo kwa asilimia 24.

Suala la aina ya ugonjwa linarejea tena hapa. Majaribio hayo yalifanyiwa wagonjwa wa aina ya pili. Kwa aliyeishiwa na insulini, dawa za GLP-1 haziwezi kuziba pengo hilo, na zile za SGLT2 zinaweza kuongeza hatari ya asidi kujaa katika damu.

Ndivyo ilivyo kuhusu kupunguza uzani. Utafiti wa DiRECT nchini Uingereza, uliowahusisha watu 306 wenye uzani uliozidi, ulibaini kuwa asilimia 46 ya waliofuata mpango maalumu wa chakula waliondokewa na kisukari bila dawa baada ya mwaka mmoja. Ni habari njema kwa mnene aliyegunduliwa mapema. Kwa mgonjwa aliyekwisha kukonda, kumshauri apunguze kula ni kumzidishia madhara.

Insulini katika joto la Dadaab

Swali moja lililowasumbua wagonjwa wasio na jokofu lilijibiwa kwa msaada wa vipimo vilivyochukuliwa Kenya. Wataalamu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) walipima joto katika makazi ya wakimbizi kambini Dagahaley, Dadaab, wakaona linabadilika kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Geneva, waliiweka insulini katika hali hiyo hiyo ndani ya maabara kwa wiki nne.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa nguvu ya dawa ilipungua kwa asilimia isiyozidi moja, sawa na iliyohifadhiwa kwenye baridi. Kabla ya hapo, wagonjwa wa kambini wasio na jokofu walilazimika kufika hospitalini mara kadhaa kwa siku ili kudungwa. Hii haimaanishi kwamba chupa inaweza kuachwa juani au ndani ya gari. Ina maana kwamba kukosa umeme si sababu ya kumnyima mgonjwa nafasi ya kujitibu nyumbani, maadamu dawa inakaa kivulini na haipiti kiwango hicho cha joto na muda.

Kwa jumla, utafiti huu wote unasisitiza kwamba kabla ya kuulizwa dawa gani itolewe, sharti iulizwe ni kisukari cha namna gani. Mtu mwenye kiu isiyo ya kawaida, anayekojoa mara kwa mara na kukonda bila sababu anapaswa kupimwa sukari siku hiyo hiyo, hasa akiwa mtoto. Anayetumia insulini hafai kuiacha kwa kusikia habari za dawa mpya. Na ambaye ugonjwa wake haufanani na maelezo ya kawaida ana haki ya kumuuliza daktari aina yake ilijulikana kwa kipimo gani.