Mathenge Ilipandwa kwa Pesa za Wafadhili

Wasee, kila nikisikia wafadhili wanakuja Baringo kupigana na mathenge, mimi huuliza: kwani nani aliileta? Mwanzoni mwa miaka ya 80, serikali na FAO, kwa pesa za Australia, waliupanda mti huo kuzuia jangwa na kupatia watu kuni. Nia ilikuwa poa. Mradi ukaisha, mti ukabaki ukimeza malisho ya jamii. Maganda yake matamu yakaozesha mbuzi meno, hadi Wailchamus wakashtaki serikali na kupeleka mbuzi kibogoyo kortini kama ushahidi! 2008 ndio ikatangazwa rasmi kuwa magugu hatari. Sasa kabla hamjasaini mkataba mwingine, nionyesheni pale pameandikwa nani atang'oa machipukizi mwaka wa kumi.